"Vumilia, Mbona Umezaa?"



Leo sina mapishi wala singo. Nina ugomvi. Nagombana na neno moja tunalolipenda mno sisi wanawake wa pwani, neno "vumilia". Na kabla sijagombana na mtu mwingine, nagombana na ulimi wangu mwenyewe.

Mimi ni wa Unguja, nimeolewa Maneromango, kule Kisarawe. Ukitoka Dar unapita Kisarawe mjini, unapita Masaki (si ile ya mabalozi, hii ni ya mihogo na mikorosho), unaendelea mpaka kwa wakwe zangu. Nilipofika miaka 43 daktari aliniandikia mamogramu, ile eksirei ya matiti, kwa sababu mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya titi. Nikaenda hospitali moja ya Dar, jina lake nalihifadhi. Nilikwenda siku mbili kabla ya hedhi, matiti yamejaa na yanauma hata kwa sidiria. Hakuna aliyenieleza kwamba siku hizo ndizo mbaya zaidi kwa kipimo hicho. Mashine iliponibana nikapiga kelele kidogo. Yule dada wa eksirei, mwanamke mwenzangu, akaniambia, "Mama, vumilia, mbona umezaa?"

Nikanyamaza. Nililia kimya kimya, nikavaa baibui langu nikaondoka.

Mwaka ule ule tukawa na harusi Maneromango. Ndani ya chumba cha mwali, kungwi amepumzika kidogo, wanawake wanataka cha kuchekea. Nikawapa. Nikawaambia titi linabanwa mpaka linakuwa chapati, nilihisi linapasuka, nilitoka pale nusu mfu. Wakacheka mpaka machozi. Mmoja akaapa, "Mimi siendi ng'o!" Nilijiona hodari wa hadithi. Wifi yangu alikuwa pembeni anamenya mihogo, hakucheka wala hakusema neno.

Baada ya miaka miwili wifi alishika kitu kwenye titi la kushoto, kadogo kama korosho moja. Hakakuuma. Akanyamaza miezi 11. Aliposema, ngozi ilikuwa imeshaanza kuvutwa ndani. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia. Akanijibu taratibu, "Wifi, wewe mwenyewe ulisema linapasuka. Na hili halikuwa linaniuma. Niende nikatafute maumivu kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ndiyo maana naona tuna makundi mawili yanayowafungia wanawake ndani. Kundi la kwanza ni la "vumilia", ambao kwao kuumwa kwa mwanamke si habari. Yule dada wa eksirei yumo, na baadhi ya makungwi wetu wamo. Kundi la pili ni la wapiga soga kama mimi, tunaoumia mara moja tukasimulia mara 100, kila mara tunaongeza chumvi. Wa kwanza wanamfanya mwanamke asirudi. Wa pili wanamfanya asiende kabisa. Wote tunakwepa kitu kimoja kidogo, kumwambia mwenzetu ukweli ulivyo.

Na ukweli ni huu. Kipimo kinauma kwa wanawake wengi, wengine kidogo, wengine sana. Titi linabanwa kati ya vibao viwili ili lisambae, picha itoke wazi, kivuli kisifunike kivuli, na mionzi inayotumika iwe kidogo. Kwa kawaida hupigwa picha mbili kila titi, na kila mbano ni wa sekunde chache tu. Titi halipasuki. Mbano hausambazi saratani, huo ni uzushi. Unaweza kubaki na maumivu siku moja au mbili, pengine na alama ya kuvilia damu, kisha yanapita.

Maumivu hayo yanaweza kupunguzwa, na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu ni maneno ya dakika mbili ambayo sikuambiwa. Kama bado unaona hedhi, omba tarehe ya wiki moja baada ya kumaliza. Ukijijua unaumia upesi, uliza kuhusu kumeza paracetamol kabla. Vaa blauzi na sketi chini ya baibui, si gauni, ili uvue juu tu, na chukua khanga yako ya kujistiri. Usipake poda, losheni wala dawa ya kwapa siku hiyo, kwa maana huweza kutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe vya kutia wasiwasi. (Liwa na singo, bi dada, vingoje siku nyingine.) Na mbano ukizidi, sema. Mwambie mtaalamu, "Subiri, inaniuma, tuanze tena." Huo si utovu wa adabu. Mashine inashushwa kwa mkono wa mtu, na mtu husikia.

Najua mtaniuliza habari ya stara. Mna haki. Omba mwanamke akupime, waambie tangu unapochukua tarehe. Asipopatikana, maulamaa wametufundisha kwamba dharura ya tiba ina hukumu yake, linafunuliwa linalohitajika tu, na unakuwa na mahram wako au mwanamke mwingine chumbani. Mtume (s.a.w.) alihimiza watu wajitibu. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na waliuliza mambo mazito kuliko titi. Haya inayompeleka mwanamke kaburini akiwa amenyamaza sijui tumeitoa wapi.

Wapo watakaosema, kwani Maneromango kuna mamogramu? Mbona unatuletea mambo ya Ulaya? Swali zuri, nalipenda. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani halizihimizi nchi zenye uwezo mdogo kuanza kupima kila mwanamke kwa mashine hiyo. Linasisitiza mwanamke mwenye dalili agundulike mapema, vipimo vyote viwe vimekamilika ndani ya siku 60 tangu alipofika kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sikwambii wewe biharusi wa miaka 22 ukimbilie mashine. Titi la msichana limeshikana, picha yake haisomeki vizuri, na mara nyingi akiwa na uvimbe huanziwa ultrasaundi. Ninachokwambia ni ujue titi lako lilivyo, ili likibadilika ujue. Uvimbe, ngozi inayovutwa au kufanana na ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, majimaji au damu, uvimbe kwapani. Ukiona kimoja, nenda kituo cha afya. Mkono wa muuguzi aliyefundishwa haubani wala hauumi. Ukiandikiwa mashine baada ya hapo, ndipo uende bila hadithi zangu kichwani.

Na usisubiri maumivu. Hili naliandika kwa uchungu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Sisi tumelelewa kwamba kisichouma si ugonjwa, na kinachouma ni cha kuvumilia. Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo ataenda hospitali siku gani? Mwaka 2022 peke yake wanawake 670,000 walifariki duniani kwa saratani ya titi. Watu wa Pwani wakisikia Ocean Road wanasikia kaburi, eti ukiingia pale hutoki. Wanasahau kwamba wengi wetu tunafikishwa pale ugonjwa umeshatembea, kisha tunailaumu hospitali.

Makungwi, nanyi nina neno. Mnamfundisha mwali kukaa, kupika, kujipamba, kumpokea mume. Wazaramo wa zamani walimpa mwali mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye nywele na matiti mawili tu ya kuchongwa. Sitetei vinyago, dini yetu naijua. Lakini wazee wale walijua kwamba titi lina somo lake. Nyie mnalifundisha kwa ajili ya mume na mtoto tu. Ongezeni nusu saa. Na waume, ruhusa ya kwenda kupimwa isiwe ya kuombwa wiki tatu kama ruhusa ya kwenda taarabu.

Wifi alikatwa titi, akapata dawa za dripu, nywele zikatoka, zimeanza kurudi. Alhamdulillah, yupo. Mwezi uliopita tulikuwa na mwali mwingine Maneromango. Safari hii nilikaa kimya, wifi ndiye aliyeomba nafasi. Akafungua khanga, akashika mkono wa yule mtoto, akauweka kwenye kovu. Chumba kizima kikatulia. Kungwi, bibi mtu mzima, ndiye aliyeuliza.

"Na ile mashine, mwanangu, inauma?"

"Inauma, bibi," wifi akasema. "Nilihesabu mpaka 12, ikaachia."