Tuijue Mioyo Yetu Kabla Homa Haijaja

Ndugu zangu wa Kolandoto, wa Shinyanga mjini na wa machimboni Geita,

Mnaikumbuka miezi ile ya mwanzoni mwa 2021. Nyungu zilifukizwa nyumba kwa nyumba, majirani wakishusha sauti kusema fulani ana "changamoto ya upumuaji", na misiba ikafuatana. Wengi tulijiuliza: mbona corona inampitia kijana kama mafua, kisha inamwangusha mzee wa nyumba hiyohiyo?

Umri una sehemu yake. Lakini madaktari wa nchi nyingi waliona jambo likijirudia wodini: wenye ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo, pamoja na wenye presha na kisukari, walizidiwa na kufariki zaidi ya wenzao. Mafuta hujijenga ndani ya mishipa hiyo kwa miaka, njia ya damu ikawa nyembamba, na mwenyewe akaendelea kulima, kuchunga, hata kushuka kwenye duara la mgodi bila kujua. Virusi vikivamia mapafu, oksijeni hupungua, homa huukimbiza moyo, na damu huganda kwa urahisi. Moyo unadai damu zaidi, mshipa hauna pa kuipitisha.

Shangazi yangu alikuwa akifunga vidonge vyake vya presha kwenye pindo la khanga. Nikamuuliza anameza saa ngapi. "Kichwa kikiniuma, mwanangu." Tukavihesabu pamoja: vya mwezi mmoja vilikuwa vimekaa miezi mitatu, vingine vimelainika kwa jasho. Presha haingoji kichwa kiume. Siku hizi anameza kila asubuhi kabla ya uji, mjukuu akimkumbusha.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya corona imekwisha. Virusi bado vipo, na hata mafua makali au nimonia huweza kuuelemea moyo uleule. Kwa hiyo nawaomba haya.

Aliyefikisha miaka 40 apime presha na sukari. Ni dakika chache tu. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila ukipima, muone daktari. Mchimbaji anayevuta sigara aanze safari ya kuiacha. Ukipelekwa hospitali na homa au kikohozi, beba dawa zako na utaje presha, sukari au moyo kabla hujaulizwa. Usiache dawa bila ushauri wa daktari.

Na kifua kikikubana kama kimebebeshwa jiwe, maumivu yakapanda begani au tayani, jasho likakutoka, usiseme ni vidonda vya tumbo ukangoja kukuche. Wengine, hasa wanawake na wenye kisukari, huishiwa pumzi na nguvu tu. Hospitali ya Kolandoto iko hapa nyumbani, imetuhudumia zaidi ya karne moja. Bugando ipo Mwanza kwa rufaa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam kwa wanaohitaji kuzibuliwa mishipa.

Wiki hii, ukitoka ibadani au mnadani, pitia kwa mzazi wako. Muulize vidonge viko wapi, mkae chini, mvihesabu pamoja.