Mnyororo Unyooke Pale Penye Mzigo

Asafiriye kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda, na kutoka Nkwenda hadi Murongo ukingoni mwa Mto Kagera, hupanda na kushuka karibu muda wote. Sababu imo ndani ya ardhi yenyewe. Miamba ya kale ambayo wanajiolojia waliiita Karagwe-Ankole ina tabaka ngumu za kwatzaiti, ambazo zimebaki zimesimama kama matuta marefu, na tabaka laini zilizoliwa na maji hata zikawa mabonde. Katika nchi ya namna hiyo, wilaya ya Karagwe na ile ya Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, mwenye baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi huendesha akiteremka, na akipanda huishuka na kuisukuma.

Hesabu yaeleza kwa nini. Chukua mtu, baiskeli na ndizi vyenye jumla ya kilo 130, katika mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100. Bila kuhesabu msuguano, nguvu inayovuta mzigo huo kurudi nyuma ni newtoni 100 hivi. Kwa baiskeli nzito ya gia moja, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, mpandaji hana budi kukanyaga pedali kwa wastani wa newtoni 500 na zaidi, yaani karibu uzito wote wa mtu wa kilo 60. Kwa baiskeli ya milimani yenye meno 24 mbele na 28 nyuma, newtoni 170 zatosha. Atakwenda polepole, lakini atakwenda ameketi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba baiskeli za milimani, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, zinathaminiwa. La kusikitisha ni kwamba nyingi miongoni mwake hupoteza faida hiyo mikononi mwa fundi, na hupotea kwa milimita chache tu.

Baiskeli ya gia moja ina sahani moja ya meno mbele na moja nyuma. Zikilingana, mnyororo hunyooka daima. Baiskeli ya milimani ya kawaida ina sahani tatu mbele, zilizoachana kwa milimita 8 hivi, na nyuma ina gia saba zilizoachana kwa milimita 5. Hapo mnyororo hauwezi kunyooka katika kila gia. Watengenezaji wamechagua suluhu: sahani ya kati ikae milimita 47.5 au 50 kutoka katikati ya bomba la kiti, na gia ya kati ya nyuma ikae karibu milimita 45 kutoka mstari huohuo. Huo ndio mstari wa mnyororo.

Sasa mwanafunzi achukue karatasi. Sahani ya kati ikiwa milimita 50, ile ndogo i milimita 42. Gia kubwa ya nyuma, iliyo karibu zaidi na spoku, i milimita 30. Tofauti ni milimita 12, na kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu ni milimita 430 hivi. Tanjenti ya pembe ni 12 kwa 430, nayo pembe ni nyuzi 1.6. Mnyororo huivumilia pembe hiyo bila taabu. Sahani kubwa ya mbele ikiunganishwa na gia kubwa ya nyuma, pembe hufikia nyuzi 3.7, mnyororo hulalamika, na meno hulika ubavuni.

Matata huanza ekseli ya pedali inapochakaa. Fundi huweka ile aliyo nayo. Ilikuwa na urefu wa milimita 113. Anaweka ya 122.5, maana inaingia na inazunguka. Kama ekseli imejengwa sawa pande zote mbili, nusu ya nyongeza hiyo, yaani karibu milimita 5, huzisukuma sahani zote nje. Pembe ya gia ya kupandia mlima yatoka nyuzi 1.6 na kufikia 2.3. Mwenye baiskeli haoni kitu siku hiyo. Ataona miezi kadhaa baadaye, vumbi jekundu likishachanganyika na mafuta na kuwa msasa, wakati mnyororo unaporuka akiwa katikati ya mlima na mzigo mgongoni mwa baiskeli.

Haifai kumlaumu fundi peke yake, maana kuna nguvu ya pili inayovuta upande mwingine. Juu ya sahani za mbele pana kisukumio, vibao viwili vya chuma vinavyouhamisha mnyororo kutoka sahani moja hadi nyingine. Kimetengenezwa kwa mstari mmoja maalumu. Sahani zikiingia ndani mno, kisukumio hukwama kwenye bomba la kiti kabla ya kuushusha mnyororo kwenye sahani ndogo, na meno huweza kukwaruza fremu. Zikitoka nje, hakifiki vizuri kwenye sahani kubwa. Skrubu zake mbili zaweka mipaka ya mwendo tu. Haziwezi kuongeza mwendo ambao kifaa hakina.

Vitabu vya ufundi husema mnyororo unyooke katikati: sahani ya kati, gia ya kati. Kanuni hiyo ni njema kwa mtu anayetumia gia za kati kwa saa nyingi. Mbeba ndizi wa Kyerwa si mtu huyo. Saa zake ngumu zote zimo katika sahani ndogo na gia kubwa za nyuma, na hapo ndipo mnyororo unapovutwa kwa nguvu nyingi. Basi kwake inafaa kuchagua ekseli fupi kuliko zote ambayo fremu na kisukumio vitaikubali, hata kama sahani kubwa itakuwa ngumu kuifikia. Anapoteremka, mteremko wenyewe humwendesha. Sahani kubwa anaihitaji kwa nini?

Wapo wasemao ni heri kuondoa kisukumio na kubaki na sahani moja, kama zilivyo baiskeli nyingi mpya za milimani. Hizo zina gia za nyuma zinazofika meno 51. Friwili ya gia saba yenye meno 14 hadi 28 hutoa upana wa mara mbili tu. Mwenye nayo akiiondoa sahani ndogo, amerudi kusukuma.

Mada ya mashine rahisi hufundishwa kwa kapi na wenzo zilizochorwa ubaoni, na ilhali mashine yenyewe imeegeshwa nje ya darasa. Rula, uzi na jedwali la tanjenti vyatosha kuipima. Naye fundi, kabla ya kuitoa ekseli ya zamani, aweke rula kutoka bomba la kiti hadi sahani ya kati, aongeze nusu ya unene wa bomba, na aandike tarakimu hiyo kwa chokaa juu ya fremu. Akimaliza kazi, apime tena.