Saa za Baba Ziandikwe

Mwezi huu tuzungumze habari za waume, ndugu na wana wetu wanaoendesha mabasi. Sisi wa Chemba tunaishi kando ya barabara kuu ya Dodoma, Kondoa, Babati hadi Arusha. Lami yake ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Tena tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Abiria tumefurahi. Je, aliyeshika usukani analala saa ngapi?

Mama mmoja alitujia akilalamika. "Mama Nesi, mume wangu amebadilika. Akirudi hasemi na watoto. Anasinzia na tonge mkononi." Tulidhani ni ugomvi wa nyumbani. Kumbe baba huyo huamka saa 9 usiku, huondoa basi alfajiri, hufika jioni, kisha husubiri hesabu na usafi wa gari hadi saa 3 usiku. Kesho yake ni vivyo hivyo, Jumapili pia. Tulipompima, presha ilikuwa juu na miguu imevimba. Alikiri kwamba hutafuna mirungi ili asilale.

Sisi wauguzi tunaujua usingizi wa zamu ya usiku. Watafiti wameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hivi huchelewa kutenda kama mtu aliyekunywa pombe. Mirungi huuficha uchovu tu, hauuondoi. Basi linaweza kubeba watu zaidi ya 50, na huenda mmoja wao ni mwanao anayetoka shule.

Tulimwuliza baba yule kama hulipwa saa za ziada. Akacheka. "Napewa posho ya safari." Wengi hudhani posho hiyo humaliza haki yote. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi muda wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, kwa siku zisizozidi 6. Zinazozidi hapo ni saa za ziada. Hizo hufanywa kwa makubaliano, zisipite 50 katika majuma manne, na hata zikiwapo, siku isipite muda wa saa 12. Malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Baada ya kazi ya siku kuna mapumziko ya muda wa saa 12 mfululizo, na kila juma siku nzima.

Tupige hesabu. Tuseme mshahara ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa saa 195 za mwezi, kila saa ni shilingi 2,000. Saa ya ziada basi ni shilingi 3,000, na saa 40 ni shilingi 120,000. Hizo ni sare, daftari na unga wa nyumba.

Tunajua hofu iliyopo. Dereva akiuliza, huambiwa deiwaka wako wengi wanaosubiri kiti chake. Mwaka 2015 madereva waligoma mwezi wa Aprili na tena Mei, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Sheria inamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyaonyesha shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama, nunua daftari la shule. Kila siku andika tarehe, saa aliyoanza kazi, saa aliyomaliza na fedha aliyopewa. Madereva waende pamoja kwa tajiri, kwa heshima. Akikataa, waende kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wasikawie, maana madai ya malipo hupelekwa Tume ndani ya siku 60.

Na sisi tujichunguze. Tusimhimize baba achukue safari ya pili kwa ajili ya kitenge cha harusi. Akirudi, tumpe maji ya kuoga na chakula, watoto wacheze mbali, alale. Madeni yasubiri asubuhi.

Mama yule aliandika miezi miwili. Mumewe na wenzake wawili walilipeleka daftari kwa tajiri. Hakulipa yote ya nyuma, lakini sasa kila mmoja hupumzika siku moja kwa juma. Jumapili iliyopita tulimwona baba huyo kanisani na mtoto mapajani. Alisinzia kidogo wakati wa mahubiri. Tulimwacha.