Kijiko cha Maji

Haya jamani, joto limerudi. Mdogo wangu amejifungua wiki tatu zilizopita, na juzi usiku kanipigia simu: "Dada, chumba kina digrii 28, mtoto halali, nifanyeje?" Nilimjibu, halafu nikaona bora niandike na hapa, maana najua wengi wenu mnalea kwenye fleti zisizo na kiyoyozi.

Lakini naomba nianze na aibu yangu.

Julai 2022, mnaikumbuka ile wiki? Jumanne tarehe 19 Uingereza ilifika digrii 40.3 kule Lincolnshire, rekodi ya nchi nzima. Hapa London kwetu palikuwa karibu hapohapo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuja kukaa nasi anisaidie. Na mimi, kwa taarifa yenu, ni mfamasia. Miaka yote kazini nimekuwa nikiwaambia kina mama: mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, basi.

Nyumbani sasa. Mama kamvisha mtoto soksi na kofia, kamfunika na kanga, "upepo usimpate." Nikavua soksi, akavisha tena. Jumapili nikamwona anampa kijiko cha maji. "Maskini, ana kiu huyu." Nikanyamaza. Mama kalea watoto watano, mimi nilikuwa na mmoja wa miezi minne. Nitaanzia wapi kumfundisha?

Jumanne jioni mtoto akawa mlegevu. Analala, namwamsha anyonye, anageuza uso. Nikapiga 111. Nesi akauliza, tangu asubuhi amelowesha nepi ngapi? Sikujua. Mama ndiye aliyekuwa akimbadilisha. "Mbili," akasema. Na maji je, amepewa? Mama akaniangalia. "Kidogo kidogo, kila akilia."

Tukaambiwa tumpeleke hospitali. Alhamdulillah, maji mwilini yalikuwa yameanza tu kupungua. Daktari akaeleza taratibu: tumbo la mtoto ni dogo, ukilijaza maji anakosa nafasi ya maziwa, na maji mengi matupu yanaweza kushusha chumvi ya damu. Alinyonya palepale, saa mbili baadaye nepi ikalowa. Tukarudi nyumbani saa saba usiku. Mama hakusema neno njia nzima.

Asubuhi nilitaka kumwambia, "Si unaona sasa?" Nashukuru sikusema. Badala yake nikamuuliza: Mama, nyinyi kule mlikuwa mnafanyaje siku za joto kali? Basi akafunguka. Kuta nene za mawe, madirisha yanatazamana, upepo wa bahari unapita ndani. Mchana mtoto hatoki. Jioni anaogeshwa, analazwa na kanga moja nyepesi. "Nyumba yetu ilikuwa inapumua," akasema. "Hii yenu imefungwa kama kopo."

Na ni kweli. Nyumba nyingi za huku zimejengwa zitunze joto. Kanga inayofaa kwenye nyumba inayopumua, kwenye fleti ya ghorofa ya nne yenye digrii 29 ni blanketi. Kwa hiyo tukakaa mezani, mimi na yeye, tukapanga upya.

Mchana: mapazia yanafungwa mapema kabla jua halijapiga kioo, na madirisha ya upande wa jua yanafungwa pia. Usiku nje kukipoa, yote yanafunguliwa. Kutoka nje ni asubuhi au jioni, na mtoto anakaa kivulini. Kigari hakifunikwi na kanga wala shali, hata iwe nyepesi vipi, maana hewa inakwama ndani na joto linapanda haraka.

Kulala: chumba cha mtoto kinapendekezwa kiwe kati ya digrii 16 na 20. Najua, kwenye wiki kama ile mtacheka. Basi punguzeni nguo: nepi peke yake inatosha. Alale chali, bila blanketi, bila kofia. Feni iwepo chumbani ila isimpulizie moja kwa moja. Kabla ya kulala, maji ya vuguvugu ya kuoga, siyo ya barafu. Hilo Mama alikuwa nalo tangu zamani.

Kumpima: msiguse mikono na miguu, hiyo huwa ya baridi hata mtoto akiwa na joto. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Ikiwa na jasho au moto, punguza nguo. Vile vipele vidogo vya joto shingoni vinaitwa harara, neno la kuweka mfukoni. Mara nyingi mtoto akipoa vinaondoka vyenyewe.

Kunywa: anayenyonya, anyonye zaidi. Anayekunywa maziwa ya kopo anaweza kupewa maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, juu ya maziwa yake ya kawaida. Maziwa yenyewe msiyazimue kamwe.

Na msisubiri kupiga simu mkiona nepi zimepungua, mdomo mkavu, utosi umebonyea, au analia bila machozi. Akiwa mlegevu haamki vizuri, au anapumua kwa shida, ni 999.

Sasa, kwa wenye mama au mama mkwe nyumbani: semeni mapema, kabla joto halijafika. Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo heshima, na mtoto ndiye aliyelipa. Kumuuliza Mama swali kulimfungua kuliko cheti changu cha chuo. Na siku zile nepi alizihesabu yeye, siyo mimi mfamasia.

Mdogo wangu kaniambia jana Mama keshampigia mara tatu kutoka Leicester. Swali ni moja tu: "Mapazia umefunga?"

Tuambieni, kwenu harara mnaiitaje? Tutasoma majibu kwenye kipindi kijacho.