Posti ya 12: Ukienda Dar na mgonjwa, usiziogope hoteli za Wahindi za Upanga



Mmenizoea nikiandika mambo ya presha, chanjo na kliniki ya wajawazito. Leo naandika kuhusu kula. Tena kula kwenye hoteli za Wahindi, pale Upanga na Kisutu, ukingoni mwa bahari, Dar es Salaam. Najua kuna atakayesema nesi wetu ameanza starehe. Subiri kwanza, usinihukumu.

Mtu wa huku kwetu akipewa rufaa ya kwenda Dar, mara nyingi anaangukia eneo moja. Muhimbili ipo Upanga. MOI ya mifupa ipo ndani ya uzio huohuo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pia. Ukishuka kuelekea baharini unaikuta Taasisi ya Saratani Ocean Road, na Aga Khan nayo iko hukohuko pwani, karibu na linapoanzia Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Yaani nusu ya rufaa zetu nzito zinaishia kwenye mtaa ambao unaweza kuuzunguka kwa bajaji kabla chai haijapoa.

Mgonjwa haendi peke yake. Anaenda na mtoto wake, mke, au shangazi. Na mionzi siyo ya siku moja, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Sasa niambie, huyo anayemuuguza anakula nini? Nimeona kwa macho yangu: soda na mkate asubuhi, chipsi mchana, usiku hamna. Anabana hela, sawa, naelewa. Lakini nikiwauliza wakirudi, mara nyingi tatizo halikuwa hela peke yake. Alikuwa anaogopa kuingia. "Pale ni kwa Wahindi, dada. Sisi tutaingiaje?"

Hapo ndipo ninapobishana na nyie. Ile hofu haina maana, na inatuumiza.

Hebu tuanze na kile kilichopo kwenye sahani. Ule mchuzi wa manjano wanaouita dali, mara nyingi ni mbaazi. Mbaazi hizihizi! Zimekobolewa, zikapasuliwa katikati, zikachemshwa hadi zikalainika. Jirani zetu wa Babati wanazilima pamoja na mahindi, na mteja wao mkubwa siku zote amekuwa India. Mnakumbuka mwaka 2017? Mwezi wa nane mwaka ule Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwao, na bei huku ikaanguka vibaya. Kuna watu walipanga ada za watoto kwa mbaazi zile. Kwa hiyo mtu wa Manyara akikaa mezani mbele ya bakuli la dali, asijione mgeni. Chakula kile kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Na maneno yenyewe unayo tayari mdomoni. Chapati, kachumbari, achari, biriani. Ukisema "laki mbili" unaongea Kihindi. Ukisema "bima ya afya," hiyo bima nayo imetoka hukohuko. Hata bajaji iliyokushusha getini imebeba jina la kampuni ya India.

Sasa, chakula cha Kihindi siyo kitu kimoja, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Familia nyingi za Kihindi za Dar asili yao ni Gujarati na Kachi, magharibi mwa India. Ndani yao kuna Waislamu (Ismailia, Ithnaasheri, Bohora, Sunni) na kuna Wahindu. Halafu wapo Wagoa, ambao wengi ni Wakatoliki kama nusu ya Tumati. Kila kundi lina jiko lake. Biriani, sambusa za nyama, mishkaki, hayo utayapata zaidi kwa Waislamu, na nyama ni halali. Kwa Wahindu wengi wa Kigujarati hakuna nyama kabisa, hata yai wengine hawali. Ukikuta wameandika kwamba ni hoteli ya mboga tupu, usicheke ukaondoka. Baki.

Mimi kura yangu naipeleka kwenye hoteli za mboga. Nasema wazi, na mtanibishia.

Pale utaagiza thali. Ni sinia la chuma lenye vibakuli: dali, mboga mbili au tatu, chapati nyembamba za moto, wali, mtindi, achari kidogo, na mara nyingi kitu kitamu. Kwenye hoteli nyingi za aina hiyo mhudumu anapita na kukuongezea bila kukudai zaidi, ila uliza kabla hujakaa, usije ukashangaa kwenye bili. Mtu aliyeshinda wodini tangu alfajiri akila sahani hiyo amepata protini, amepata mboga, amepata nguvu ya kumgeuza mgonjwa usiku. Linganisha na chipsi kavu. Na ule mtindi mwembamba wa chumvi na binzari nyembamba wanaouita chaasi, mtu wa kwetu aliyekulia kwenye maziwa atauelewa kwa funda la kwanza.

Kuna moja itawashangaza wakulima wa vitunguu saumu wa Mbulu: wapo Wahindu na Wajaini ambao hawali kitunguu wala saumu, kwa imani yao. Na chakula chao bado kina ladha! Nilipoambiwa nilifikiri natania­niwa.

Utaijuaje hoteli nzuri? Mimi siangalii picha za ukutani wala kiyoyozi. Naangalia nani anakula. Ukikuta wazee wa Upanga wenyewe, makarani wa benki na dereva bajaji wamekaa meza za jirani, ingia. Hoteli inayojaa saa saba mchana chakula chake hakilali. Na hilo ni jambo la kitabibu kabisa. Wali uliopikwa ukaachwa kwenye joto la kawaida masaa mengi unaweza kuota bakteria wenye sumu, na sumu yenyewe haiondoki hata ukiupasha moto upya. Kwa joto la Dar, hoteli tupu yenye sufuria iliyojaa inanitisha kuliko foleni.

Halafu onja dali kabla ya kitu kingine. Kuku anaweza kufichwa na nyanya, siagi na rangi nyekundu. Dali haifichiki. Ikiwa ya maji na imepoa, basi jikoni hawajali, hata kama meza zina vitambaa vyeupe. Dali ya Kigujarati ina utamu kidogo, wanatia sukari guru. Usidhani imeharibika.

Na orodha ya vyakula ikiwa nene kama kitabu cha nyimbo, ina piza, ina vya Kichina, ina vya Kihindi, ina ugali samaki, mimi huwa naagiza chai tu.

Kuhusu zile hoteli za Masaki na Oysterbay, upande wa pili wa daraja. Zipo nzuri, sikatai. Huko utakutana zaidi na mapishi ya kaskazini mwa India, mikate ya naan iliyopigwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, kuku wa siagi ambaye asili yake ni Delhi. Lakini unalipia na upepo wa bahari. Na kuna moja, jina siliandiki, ambako niliingia na mama mmoja wa huku kwetu amejifunga shuka yake vizuri, safi kabisa, tukaachwa tumesimama mlangoni huku waliokuja nyuma yetu wakipewa meza. Tulitoka. Chakula chao kinasifiwa sana. Kwangu mimi hoteli isiyoweza kumkaribisha mama wa Tumati haiwezi kuitwa nzuri, hata naan zao ziwe laini namna gani. Kule Kisutu sijawahi kukutana na hilo. Mzee wa kaunta anaongea Kiswahili cha Dar kuliko mimi, na akisikia unauguza anauliza mgonjwa anaendeleaje.

Kama wewe ni mtu wa nyama na maneno yangu ya dali hayajakuingia, jioni nenda Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Kuku wa kuchoma mkaani, meza barabarani, moshi, kelele, watu wa kila dini. Nafasi ya kukaa inagombaniwa. Mwezi wa Ramadhani mchana hoteli nyingi za maeneo yale zinafungwa, kwa hiyo jipange kula baada ya futari.

Sasa vua kofia ya mlaji, tuvae ya wodini.

Kwanza, viungo siyo pilipili. Nimechoka kusikia "vyakula vya Wahindi vinaharibu tumbo". Iliki, mdalasini, manjano na binzari havichomi. Kinachochoma zaidi ni pilipili, na pilipili inaweza kuachwa. Sema mapema: bila pilipili kabisa. Watakuelewa, maana na wao wana bibi zao wenye vidonda vya tumbo.

Pili, manjano. Kuna meseji zinazunguka kwenye magrupu kwamba manjano yanatibu saratani, kwa hiyo mgonjwa aache mionzi anywe manjano. Jamani. Kula manjano kwenye dali kwa sababu ni matamu. Mionzi usiache.

Kwa mgonjwa mwenyewe, chakula ninachokipenda kuliko vyote kwenye hoteli hizo ni kichiri. Watu wa pwani wana ndugu yake, wanamwita mseto: mchele na choroko au dengu vimepikwa pamoja hadi vimelainika kama uji mzito. Saratani ya umio ipo sana ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki, na wanaopigwa mionzi ya shingo au mdomo wanapata vidonda vinavyofanya hata maji yaume. Kichiri kisicho na pilipili, kimeponwa vizuri, kimepoa kidogo, kinapita pale ugali unapokataa. Ila muulize daktari au nesi wa zamu kwanza kama mgonjwa ameruhusiwa kula kwa mdomo. Usimlishe kwa huruma mtu aliyezuiwa.

Anayepata dawa za saratani kinga yake inashuka. Usimpelekee kachumbari, chatine mbichi wala maji ya jagi la mezani. Vya moto vilivyoiva, na maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa.

Wa presha na wa moyo, achari na papadi zina chumvi nyingi sana, waachie wenzao. Samli nayo uliza, wengine wanaimimina juu ya kila kitu wakidhani wanakuheshimu, na kwa kweli wanakuheshimu. Wa sukari achague chapati au wali, asile vyote viwili, na vile vitamu vyao, jalebi, ladu, gulabu jamuni iliyolowa shira, avitazame kwa mbali. Wa figo asinisikilize mimi kuhusu dali, ina potasiamu na fosforasi. Amtafute mtaalamu wa lishe wa hospitali, wapo.

Mmeniuliza pia kuhusu safari, nitajibu kwa ufupi. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, kuna njia ya basi hadi Babati, basi jingine hadi Dodoma, halafu treni hadi Dar. Kwa mgonjwa wa mgongo ni bora mno kuliko kukaa kwenye kiti cha basi siku nzima.

Na ukishafika, ukatoka geti la Muhimbili, mwambie dereva bajaji akupeleke Kisutu, mtaa wenye mahekalu ya Kihindu, na mpatane bei kabla hujapanda. Nenda kabla ya saa nane mchana, thali bado ni ya moto. Beba hotipoti yako yenye mfuniko mzuri, waoshe mbele yako kwa maji ya moto, wakuwekee kichiri cha mgonjwa. Kisha angalia saa, maana mlinzi wa wodi hajali umetoka kula wapi. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha ameshafunga.