Viatu vya Kukimbilia Vilimani

Kila mwanzo wa mwaka, msimu wa mbio za nyika ukaribiapo, wazazi wa Ntimaru huombwa na watoto wao fedha za viatu vya kukimbilia. Mzazi aliyekwisha kulipa karo na kununua mbegu za mahindi hana fedha za kuchezea. Atanunua jozi moja tu, nayo itavaliwa kiangazi na masika. Kiatu kisichofaa si hasara ya fedha peke yake. Chaweza kumtegua kijana kifundo cha mguu, na mbio zake zikaishia hapo.

Wako wasemao, mbona wa zamani walikimbia peku wakasifiwa? Ni kweli. Bwana Nyandika Maiyoro, wa kwa jirani zetu Kisii, alikimbia London bila viatu mwaka 1954, na mwaka huo huo huko Vancouver, Kanada, alikuwa wa nne katika mbio za maili 3. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za masafa marefu za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini aliposhinda tena Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa viatu. Tena mabwana hao walikimbia uwanjani na barabarani. Njia zetu za Kuria zina changarawe, miiba na mabua ya mahindi yaliyokatwa, na jeraha la mguu likiingiwa na udongo laweza kuleta pepopunda.

Basi yafaa kuitazama ardhi kabla ya kukitazama kiatu. Mwezi wa Januari na Februari udongo mwekundu wa miteremkoni huwa mgumu kama sakafu, na juu yake pametandazwa vijiwe vinavyobingirika. Ifikapo mvua ya Machi hadi Mei, njia ile ile huteleza kama sabuni, na kule mabondeni udongo mweusi hunata mpaka mkimbiaji huhisi amebeba shamba miguuni.

Kwa matope hayo hutakiwa soli yenye meno marefu, kama milimita 6 hadi 8, yaliyoachana. Yakisongamana, matope hukwama katikati yake, na baada ya hatua chache soli huwa laini kama sahani. Lakini meno hayo katika ardhi kavu hayana pa kuzama. Mkimbiaji husimama juu ya ncha zake, mguu huyumba, nayo meno huisha upesi. Kiangazi hupenda meno mafupi na mengi, ya milimita 3 au 4. Penye mwamba uliolowa, urefu wa meno hausaidii kitu. Kinachoshika ni ulaini wa mpira. Ubonyeze kwa ukucha wa dole gumba: ukibonyea kidogo, utashika; ukiwa mgumu kama gurudumu la lori, utakuangusha.

Kwa mwenye jozi moja, shauri langu ni meno ya milimita 4 au 5, na mpira ulio laini kiasi. Matope ya kweli kwetu ni ya majuma kadha, na njia kavu au mbichi kidogo ni za mwaka mzima.

Viatu vya soli nene, mfano wa vile alivyovaa Bwana Eliud Kipchoge mjini Vienna mwaka 2019, vijana wengi huvitamani. Ni vizuri kwa lami. Mteremkoni soli ile ndefu humwinua mtu mbali na ardhi, na jiwe dogo tu latosha kuupindua mguu. Njumu za mpira nazo hufaa majanini, si maweni.

Kuna desturi ya wazazi ambayo siipendi hata kidogo: kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akikulie. Katika kushuka kilima mguu husukumwa mbele, vidole hugonga, kucha huwa nyeusi, na kisigino huchubuka. Nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole yatosha. Ajaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi za siku, naye avae soksi atakazokimbilia.

Mwenye kununua mitumba sokoni Isebania au Migori akikunje kiatu na kutazama mahali soli iliposhikana na kitambaa. Gundi iliyozeeka huachia mara inapokutana na maji. Afadhali kitambaa chepesi chenye matundu kinachotoa maji, kuliko ngozi inayoyahifadhi.

Kiatu kilicholowa kisiwekwe karibu na mafiga. Joto huharibu gundi na kukaza mpira. Kioshwe matope, kitolewe kitambaa cha ndani, kijazwe karatasi zilizokunjwakunjwa, na kuwekwa kivulini penye upepo. Gazeti hili, likiisha kusomwa na watu wote wa nyumbani, lafaa sana kwa kazi hiyo.