Shamba la Bibi Lina Mwenyewe

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, leo tuweke pembeni mbolea na viwavijeshi. Kuna msemo unaotutia hasara, na ni msemo wa shambani.

Fedha za umma zikiliwa, tunasema zimegeuzwa shamba la bibi. Ushirika ukifilisiwa na viongozi wake, shamba la bibi. Hata Uwanja wa Uhuru pale Temeke, ilikopandishwa bendera ya Tanganyika usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, wengi tunauita Shamba la Bibi. Maana yake kila mtu anaijua: mali ya kuvuna bila kupanda, na hakuna wa kukuuliza.

Mimi naupinga msemo huu kwa sababu tatu.

Kwanza, ni uongo. Nenda shamba la bibi halisi, Kisarawe au Mkuranga. Utakuta muhogo, katikati kunde, chini maboga yametambaa. Kunde zinarutubisha udongo, maboga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasiote, muhogo unabaki ardhini kama akiba ya njaa. Mbegu za msimu ujao zimening'inia juu ya jiko, moshi unafukuza wadudu. Hapo kuna mpango, kuna jasho na kuna mwenyewe.

Pili, sheria inamtambua. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo akapinga, eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa haki yake ni sawa na ya mwanamume. Ndugu akilitaka shamba, alikomboe kwa kumrudishia mnunuzi shilingi 300,000 zake. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Tatu, na hapa ndipo panaponiuma, msemo umeshuka kutoka mdomoni hadi mikononi. Utaniambia ni maneno tu. Basi mtazame dalali anayekusanya mahindi ya kuleta Soko la Tandale. Akimkuta kijana mwenye mizani, anapima. Akimkuta bibi peke yake uani, anashonea gunia kilemba, anaondoka na lumbesa kwa bei ya gunia moja. Tuseme lumbesa ina kilo 130 na amelipia 100. Kwa magunia kumi bibi amepoteza kilo 300, yaani magunia matatu bure. Mwingine anasikia mjukuu kalazwa, anakimbilia kununua mahindi yangali mabichi shambani kwa bei ya kutupa. Na wajukuu wenyewe tuseme ukweli: wakati wa palizi hawaonekani, wakati wa mavuno wanashuka kwenye basi na viroba vitupu.

Mfanyabiashara, hasara hii ni yako pia. Bibi asiyepata fedha ya mbegu na kibarua cha palizi, mwakani analima nusu. Wewe utaujaza mzigo wako wapi?

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Mama mwenye shamba, nenda ofisi ya kijiji uombe hati miliki ya kimila kwa jina lako. Kama mnamiliki na mume, majina yote mawili yaandikwe.

2. Uza kwa mizani. Sheria hairuhusu lumbesa. Gunia lisizidi kilo 100. Mizani ni ghali? Changeni kina mama watano mnunue moja.

3. Ukimkodisha mtu shamba, hata mwanao wa kumzaa, andikishaneni mbele ya mashahidi: ekari ngapi, misimu mingapi, malipo kiasi gani.

4. Mfanyabiashara, pima mbele ya mwenye mali na umwachie karatasi yenye kilo na bei.

5. Mjukuu, njoo na jembe kabla hujaja na kiroba.

Na anayekula mali ya umma tumwite mwizi, ndilo jina lake. Bibi tusimsingizie.

Mwenye swali kuhusu hati au vipimo amwone afisa ugani wa kata yake. Palizi njema.